Mbio za Angetile, Tarishi wa Ngonga

Angetile wa kijiji cha Ngonga alikuwa na mbio, jamani, wacha mchezo! Kila sikukuu ya Kaisari, Wajerumani walipokusanya vijana bomani washindane, aliwatimulia vumbi wote, askari wenyewe wakiwemo. Mwanzoni walimpa shuka ya zawadi. Baadaye wakampa kofia na bunduki, wakamwambia wewe sasa ni tarishi wa jeshi. Nani angekataa? Aliyekataa alionja kiboko.

Mkewe, Tusekile, aliichukia kofia ile tangu ilipoingia nyumbani. Ilipotundikwa ukutani alikaa akiipa mgongo.

Vita ikaja. Angetile akapewa ruhusa ya kuaga kwao, akafika jioni, akaonja ndizi kidogo, akasukuma chungu pembeni.

"Tunavuka mto Songwe, tunakwenda kuwapiga Waingereza Karonga," akasema. "Mimi natangulizwa peke yangu nikachungulie njia. Bunduki zao zitaniona mimi kwanza."

"Basi toroka! Milima yote hii, nani atakukamata wewe?"

"Nikitoroka watamfunga baba, pengine watamnyonga. Aniambie mwenyewe, 'Kimbia mwanangu, mimi niache.' Akisema hivyo, naondoka. Lakini kumwomba siwezi. Mtoto gani anamwomba baba yake afe badala yake?"

Na baba yake, mzee Asajile, hakujua lolote. Alijua mwanawe anabeba barua tu, maana ndivyo Angetile alivyomdanganya ili mzee apate usingizi.

Sasa nani amwambie mzee? Mama mkwe alishafariki. Tusekile naye ni mkwe, na kwa Wanyakyusa mke wa mtu hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, hata jina lake halitamki. Wakikaribiana njiani, huyu anajibanza vichakani, yule anageuza uso na kupita upesi. Heshima hiyo, na Tusekile alikuwa hajaivunja hata mara moja.

Alfajiri akamwendea Hezroni, mdogo wake Angetile, akamweleza yote. Hezroni akacheka! "Shemeji, acha uoga. Kaka atarudi na ng'ombe wa Waingereza, utaona." Mjinga yule, tamaa ya ng'ombe ilikuwa imemziba masikio.

Basi Tusekile akaenda mwenyewe. Alimngoja mzee kwenye njia ya migombani, na alipomwona akapaza sauti: "Baba! Angetile..."

Loo! Mzee alijifunika shuka kichwani akajitosa migombani. Hakumkimbia kwa chuki, maskini, alikuwa anamstahi mkwewe. Tusekile akamfuata akiita, na kadiri alivyoita ndivyo mzee alivyozidi kukimbia, amejiziba masikio kwa viganja. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage wakamdaka.

"Wee! Umerogwa? Unamfukuza mkweo?"

Aliwaeleza huku akilia, lakini nani amsikilize mwanamke aliyefanya jambo kama lile? Wakamfungia ndani mpaka akili imrudie.

Angetile alipita kwa baba yake kuaga. Mzee, bado anatweta, hakulitaja lile la migombani. Aibu ya mkwe haisemwi mbele ya mumewe.

"Nenda salama," alimwambia. "Ukafikishe barua za watu."

Angetile alisimama pale kitambo, akimtazama baba yake usoni. Kisha akasema, "Ndaga, tata," yaani asante, baba, akachukua bunduki yake na kushika njia ya Songwe.

Habari zililetwa na wenzake waliorudi wakichechemea. Walisema alitangulia mbali, hata macho yao yakampoteza, kisha wakasikia mlio. Walipofika alikuwa amelala kifudifudi njiani. Hawakuweza kumbeba, kwa kuwa nao walikuwa wakikimbia. Ngonga ikamlilia mtu asiye na kaburi.

Matanga yalipokwisha, mzee Asajile alikuja nyuma ya nyumba ya mwanawe, akakaa chini, mgongo umeegemea ukuta wa mianzi. Tusekile alikuwa ndani. Alimsikia akikohoa, akajikunyata kama desturi.

"Mwanangu," mzee akasema. "Leo nakupa ruhusa, nijibu. Siku ile ulitaka kuniambia nini?"

Tusekile akausogelea ukuta.

"Nilitaka umwambie akimbie, baba. Alisema ukimwambia wewe, atakimbia."

Mianzi ikalia, mzee akiegemea kwa uzito wake wote.

"Ningemwambia," akasema.