Hataza ya Pweza

Wakili mmoja wa hapa Mtwara aliniajiri nimtafsirie hoja za rufaa. Mteja wake alikuwa amenyimwa hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, ya programu ya simu, kwa sababu mkaguzi aliona kwamba hatua zake angeziwaza yeyote aliye kwenye kazi hiyo. Programu yenyewe ikishapokea taarifa za wavuvi watatu kuhusu wingi wa samaki, hutupa iliyo kubwa mno, hutupa iliyo ndogo mno, hubaki na ya katikati. Kurasa arobaini za kuapa kwamba hakuna binadamu aliyewahi kufikiria hivyo!

Nilicheka mpaka wakili akaudhika. Mama yangu anauza pweza Chikongola. Tangu simu za mkononi zifike kwetu, kabla hajabandika sufuria huwapigia wanawake watatu wa Msimbati wanaochokoa pweza mwambani. Anayejisifu hamsikilizi, anayelalamika hamsikilizi, na neno la yule wa tatu ndilo analochagulia sufuria.

"Mama yako si mtaalamu," wakili akasema.

Nikampigia mama palepale, nikaweka spika, nikamwamkia, kisha nikamsomea hatua tatu za mgunduzi wetu.

Mama akauliza: "Basi, ndiyo imeisha? Na maji hajauliza? Mwanangu, maji yakiwa hayajapwa mwamba ukaonekana, wote watatu wanakudanganya."

Nikamgeukia wakili nione aibu yake. Aibu gani! Alikuwa ameinamia karatasi, anaandika: hatua ya nne.