Upande wa Kushoto wa Uso wa Dada

Mpiga picha wa mtaa wetu alikuwa na sharti moja, alilorithishwa na mjomba wake pamoja na studio: picha ya mtu haionwi na yeyote kabla mwenyewe hajaiona. Hata mume aliyekuja kuchukua picha ya mkewe alirudishwa mlangoni. "Mwite mwenyewe, shemeji. Uso ni wake." Majirani walimcheka, wakambandika jina la Hakimu. Lakini waliomwendea zaidi ni watu wasiopenda sura zao, na sababu ni hiyo hiyo.

Kisha akapata kitabu cha picha za mchoraji mashuhuri, marehemu, aliyemchora mkewe mgonjwa mara nyingi kwa brashi nene, nusu ya uso iking'aa na nusu ikimezwa na rangi. Hakimu akaona picha zake za vitambulisho na maharusi hazina uhai. Akaanza majaribio. Alipaka mafuta ya mgando kwenye kioo mbele ya lenzi. Alitikisa kamera makusudi. Mwishowe, ndani ya chumba cha giza, badala ya kuzamisha karatasi yote kwenye dawa ya kusafishia picha, aliipaka dawa hiyo kwa brashi, na picha ikatokea pale tu brashi ilipopita.

"Umepaka ukuta?" mkewe alimuuliza akitazama mikono yake.

"Nimepaka mtu."

"Basi mtu huyo atuletee na sabuni."

Dada yake mkubwa, fundi wa kushona mapazia, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Maradhi yalikuwa yamemlegeza upande wa kushoto wa uso. Jicho halifumbi sawasawa, mdomo umeshuka. Siku moja alikuja studio amejipamba, akitaka picha ya kumtumia binti yake aliyeolewa mbali.

"Nipige huku kulia, mdogo wangu. Huku kwingine ni jumba bovu."

"Dada, acha hayo."

"Nacheka nisije nikalia. Fanya kazi."

Alimpiga kulia, na picha hizo akampa. Lakini dada alipochoka na kugeukia dirishani, kidole cha mdogo wake kilibonyeza. Picha hiyo hakumwonyesha. Aliipaka dawa upande wa kushoto pekee. Jicho likajitokeza, mdomo ukajitokeza. Upande mzuri ukabaki karatasi nyeupe. Ilikuwa kazi yake bora kuliko zote. Hilo silikani, wala halipunguzi kosa.

Alijiambia kwamba dada ni damu yake, ataelewa. Akaitundika kwenye maonyesho ya sanaa katika ukumbi wa mji, kubwa kama mlango, kisha akamwalika bila kumwambia kitu, akitaka kumfurahisha.

Dada alikuja na gauni jipya na mashoga wawili wa kazini. Watu walikuwa wamejazana mbele ya picha.

"Mh! Huyu mama kamwokota wapi?" mgeni mmoja alisema. "Anatisha, lakini macho hayabanduki." Akageuka, akamwona mwenye uso, akasogea kando.

Dada alivuta mtandio, akafunika shavu.

"Ni sanaa, Dada," Hakimu alisema, sauti ikimtoka nyembamba. "Yule mchoraji niliyekuambia, naye alimchora mkewe hivyo hivyo."

"Na huyo mkewe, alijua anachorwa?"

Hakimu alikijua kitabu kile ukurasa kwa ukurasa. Mke yule alikaa kitini kwa hiari yake, hata nguo alichagua mwenyewe. Akainamia viatu vyake.

"Alijua."

"Mimi nilikuambia huku kulia."

Mashoga wakamshika mkono, wakatoka naye. Hakimu aliishusha picha, akaichana mbele ya wageni. Baadhi wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Makofi hayo yalimchoma kuliko matusi.

Alikwenda na mkewe kuomba radhi. Dada aliwakaribisha, akawapa chai, akasema yamekwisha. Naamini alisema kweli. Lakini hakukaa tena mbele ya kamera yoyote. Ukoo ulipopangwa uani kwa picha ya pamoja, alikwenda kusimama nyuma ya Hakimu na kamera yake, asikoweza kuonekana, mpaka kazi ikaisha. Alipofariki, wajukuu waliomba picha moja waliyopiga na bibi yao. Haikuwepo.