Meza ya Mgahawa wa Kina Mama

Bwana afya alipenyeza kijiti kwenye maungio ya meza yetu ya kukatia nyama. Kilitoka na uozo mweusi. Akakinusa.

"Mama, nikirudi nikikuta mbao hizi bado zinakunywa maji, mgahawa nitaufunga."

Mgahawa ulikuwa wetu kina mama wa kijiji cha ujamaa, huku Handeni, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Tulikuwa tumeupigania mbele ya wanaume waliotaka banda lile liwe ghala la mahindi. Sikuwa tayari kuwarudishia.

Mwenye kosa nilikuwa nalala naye chumba kimoja. Mume wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha katani Ngombezi, na kama wengi waliopitia huko, aliamini mkonge unatibu kila kitu. Mlango ukilegea, katani. Ndoo ikivuja, katani. Ndiye aliyeyaziba maungio ya meza kwa katani, nayo ikafyonza maji ya nyama mpaka ikaoza humo humo.

"Tuongeze," aliniambia. "Ile ilikuwa kidogo."

Nilikasirika hata nikacheka. Nikaipindua meza miguu juu, nikaanza kung'oa misumari mwenyewe. Wenzangu wakanitania kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Nikawajibu Idi haiko mbali, washike upande wa pili.

Mbao tulizianika kivulini, maana jua kali lingezipinda. Seremala akazipiga randa kingo mpaka tulipozibananisha hatukuona mwanga katikati. Nikayeyusha nta tuliyopewa na warina asali, nikaipaka kwenye kingo ingali ya moto, ndipo tukazigongelea pamoja. Vichwa vya mbao nilivirudia mara nyingi, kwa kuwa huko ndiko mti hunywea zaidi.

Bwana afya aliporudi, wanaume walijaa mlangoni. Akamimina birika zima la maji juu ya maungio, akasubiri.

Mume wangu hakuambiwa na mtu. Alijilaza chali chini ya meza, uso ukielekea maungio, na kanzu yake safi ya Ijumaa. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

"Hakuna hata tone," alisema kwa sauti ya kuwafikia wenzake.

Bwana afya akainama, akapapasa, akatikisa kichwa kukubali.

Nikawageukia wale wa mlangoni. "Mahindi yenu yatafutieni pengine," nikasema, kisha nikawaambia kina mama wawashe moto.