Faini ya Mtani

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, sabuni zilirudi madukani mjini Tanga, ila wodini kwetu hazikupata nauli. Wodi ya saratani ilikuwa na wauguzi wawili kwa zamu, na dawa yetu kubwa ya maumivu ilikuwa neno pole.

Wakubwa walipoona tumechoka, wakatuletea semina. Mwezeshaji, mama aliyenukia vizuri mno, akatuambia tujipende na tujifunze kuvuta pumzi na kuitoa. Sisi tulikuwa tukifua glavu na kuzipuliza kila asubuhi kutafuta matundu, kwa hiyo upande wa kutoa pumzi tulikuwa mabingwa. Sambusa nilikula tatu, cheti nikapewa kimoja.

Nikarudi wodini. Pale alikuwapo mzee mwenye kidonda cha saratani mguuni, Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge. Mimi Mzigua, na makabila yetu hutaniana bila kuwekeana kinyongo, kwa hiyo ni mtani wangu. Kila siku aliniuliza nimeiba shamba la nani kwa nywele zangu za katani, nami nikamuuliza atakufa lini nirithi blanketi. Wagonjwa wenzake walitusubiri kama taarifa ya habari.

Siku hiyo bendeji yake ililowa tena, nzi wakamjaa, akaniomba nimfunge upya. Ilikuwa mara ya tatu. Nikamwambia, "Si ufe basi, nipumzike."

Wodi nzima ikacheka. Naye akacheka, ila alichelewa kidogo.

Niliingia chumba cha mashuka. Nilikuwa nimelitaka lile neno litimie. Hakuna ambaye angenishitaki, maana utani ulikwisha kunisamehe kabla sijaomba, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Asubuhi nilimwamkia shikamoo, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia. Akaitika marahaba, akaniacha nifungue bendeji, kisha akasema polepole, "Jana hukutania."

Nilitaka kudanganya. "Sikutania, mzee."

"Mtani akikasirika hulipa. Faini yako, kesho usije. Ulale."

Nikamweleza kwamba nisipokuja kazi yote itamwangukia mwenzangu. Akasema harufu yake ameivumilia tangu masika, siku moja haitamuua. Mimi nikajiona wa lazima sana, kana kwamba saratani ya mkoa mzima imenikalia mimi begani. Kesho yake nikaenda.

Nilipomkaribia na beseni, mzee akageukia ukutani. Akamwita muuguzi mwenzangu aliyekuwa kitanda cha pili.

"Huyu simjui," akamwambia. "Mtani wangu leo kalala kwao."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenzangu akanipokea beseni. Nikavua kofia, nikarudi nyumbani, nikalia kidogo, nikalala mpaka alasiri. Muuguzi mkuu aliniandika mtoro. Cheti cha semina nilifunikia mtungi wa maji.