Nambari Kumi na Saba Yahama

Nilikubali ile kazi kwa sababu moja tu: mlango wa ofisi ulitazamana na mlango wa nyumba yetu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Goma iko pale, redio zao unazisikia, lakini miaka hupita sijavuka mpaka. Kwa hiyo ushirika wa wakulima wa viazi ulipotafuta karani mwenye cheti cha sekondari, nilikatiza njia nimevaa ndala, kikombe cha chai mkononi, nikaajiriwa kabla chai haijapoa.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Ushirika ulikuwa umepewa kompyuta, na barua zilikuja kwa waya wa simu, siku ambazo simu yenyewe ilijisikia vizuri. Wino wa kuchapia uliisha juma la kwanza. Majirani wenye ndugu mbali walizoea kutumia anwani yetu. Barua yao ikifika, niliwapelekea kikaratasi chenye nambari, nao wakipata nafasi walikuja niwasomee.

Mambo ya nambari yalitoka kwa shefu, mkubwa wangu wa ofisi. Yeye alizeekea ofisi ya komini, serikali ya mtaa, na kwake dunia nzima ilisimama juu ya indicateur, kile kitabu kirefu cha barua zinazoingia: nambari, siku, imetoka kwa nani, inahusu nini, imejibiwaje. Barua ikishapewa nambari, alisema, ni kama mtoto aliyebatizwa. Sasa mimi niligundua kwamba programu yenyewe inaandika nambari pembeni ya kila barua. Nihesabu tena kwa nini? Nikawa nanakili nambari za mashine kitabuni, na shefu akanisifia mwandiko.

Mama mshonaji, jirani yetu wa karibu na msikiti, alipata kumi na saba. Mdogo wake wa kiume, aliyeko Mwanza, alikuwa amemtumia vipimo vya binti yake, bibi arusi, ambaye angefika kwetu Ijumaa na kuolewa Jumamosi. Kitambaa cheupe kilikuwa tayari kwenye meza ya cherehani. Jumanne, alipomaliza nguo za watu wengine, akaja na kikaratasi chake na futi shingoni.

Nikafungua kumi na saba, nikasafisha koo, nikasoma kama mtu wa redio. Urefu mita sita, upana mita nne, pembe zote zitobolewe matundu ya kupitisha kamba.

Mama akavua miwani.

"Mwanangu, huyu bibi arusi anaolewa na nani? Na camion?"

Lilikuwa turubai, si la lori bali la ghala letu la Mudende. Nikatazama kitabuni: kwenye "inahusu nini" nilikuwa nimeandika "vipimo" kwa barua ya Mwanza, na "vipimo" kwa barua ya turubai. Neno moja linatosha, ndivyo nilivyojiambia siku ile.

Shefu alisikia, akaja. Kitabu kilisema kumi na saba ni Mwanza. Mashine ilisema ni turubai. Kitabu hakidanganyi, kwa hiyo mashine ilikuwa imehamisha barua bila ruhusa. Akaniamuru niandike demande d'explication, ile karatasi ambayo mtumishi akikosa hutakiwa ajieleze kwa maandishi. Niliiandika. "Kwa: Kompyuta, hapa ofisini." Tuliipa saa arobaini na nane. Nikauliza nani atatia sahihi kwamba imepokelewa. Shefu akafikiri sana, akaamua nitie mimi, kama mkubwa wake wa karibu. Nikatia.

"Mi siko na saa makumi ine na munane," mama akasema. "Mutoto anafika Ijumaa. Nitamuvalisha nini, barua yenu?"

Nikaanza kufungua barua moja moja, kuanzia ya mwisho kurudi nyuma, kwa sababu shuleni tulifundishwa kuhakiki hesabu hivyo. Kila moja ilifunguka kwa muda wa kumenya kiazi, na zilikuwa zaidi ya sitini. Mama alinitazama kwa viazi vinne hivi, kisha akaniuliza pole pole nini nilifanya kwa hicho kitu tangu apokee kikaratasi. Nikakiri kwamba Jumatatu, sina kazi, nilifuta salamu za mwaka mpya.

"Ulitupa ngapi?"

"Nane, mama."

"Zilikuwa mbele ya yangu ao nyuma?"

"Mbele. Zilikuwa za kwanza kabisa."

"Bon. Mutu akikata vifungo munane vya juu, cha kumi na saba kinakuwa cha ngapi?" Hakungoja. "Fungua tisa. Yewe, na we ulisoma secondaire."

Nikafungua tisa. "Shikamoo dada," ilianza, Kiswahili cha Mwanza kilichopigwa pasi, na chini yake kifua, kiuno, urefu. Mama akaandika kwa chaki yake ya kukatia nguo, juu ya mkono wa gauni alilovaa, akanifanya nirudie mara tatu, akaondoka bila kuaga.

Nilitaka kufuta kumi na saba kitabuni niandike tisa. Shefu akanishika mkono. Mtoto habatizwi mara mbili.

Ijumaa jioni mama aliniita dirishani kwake. Bibi arusi alikuwa amefika, amejaribu, gauni limemkaa kama amezaliwa nalo. Mama akageuza pindo nione. Ndani alikuwa ameshona 17, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe.

"Hii haitahama," akasema.

Harusini nilikwenda, mwendo wa nyumba kumi na mbili, na kila mgeni aliambiwa huyu ndiye aliyetaka kumvisha mtoto turubai.

Jumatatu shefu akafungua indicateur. Kompyuta ilikuwa bado haijajieleza. Akateremsha kidole mpaka kumi na saba, akakuta nafasi ya mwisho, "imejibiwaje", iko tupu, akanitazama. Nikachukua kalamu, nikaandika: "Imevaliwa."

Alisoma, akafikiri, akapiga muhuri.