Wifi Aliyeufundisha Mguu Wangu Kuimba

Sauti ninayo, na sisemi kwa kujisifu. Hata mama mkwe anakubali, na yeye si mtu wa kukubali mambo. Tatizo langu lilikuwa moja tu: naingia kabla ya wakati. Bendi ikianza kupiga, mimi roho juu juu, naogopa nisije nikasahau maneno, basi nayatoa kabla ngoma haijaniita. Wenzangu wakanibandika jina Bi Haraka. Wiki ile kiongozi wa bendi akaniambia wazi, "Dada, Jumamosi mchana tunafanya jaribio la mwisho ukumbini. Ukiingia vibaya tena, nafasi nampa mwingine."

Nikamkimbilia wifi yangu, dada wa mume wangu, fundi cherehani. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani ya kukanyaga mlangoni, vipande vya vitambaa hadi chini ya kiti, na mdomo usiojua likizo. Alinipigia makofi, akanihesabia moja mpaka nne. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Mwisho akachoka, akanionyesha kiti chake.

"Kaa hapa. Shona pindo hilo huku unaimba."

"Wifi, nimekuja kuimba, sikuja kukufanyia kazi!"

"Kwani nimekuomba maoni? Kanyaga!"

Sasa, cherehani ya miguu haina huruma. Ukipoteza mwendo, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Siku ya kwanza niliukata mara kumi na moja, wifi akicheka mpaka machozi. Lakini alikuwa anatazama. Akagundua kwamba nikiwa naimba, uzi haukatiki. Unakatika kati ya ubeti na ubeti: mdomo ukifunga, mguu nao unasimama, kisha nakurupuka.

"Nimekupata!" akapiga kelele hadi mteja mlangoni akashtuka. "Wewe ukinyamaza unadhani wimbo umesimama. Funga mdomo, lakini mguu uendelee!"

Siku ya tatu nilishona pazia zima, beti nne na viitikio vyake, uzi haukukatika hata mara moja. Tulirukaruka mle chumbani kama watoto. Pazia lenyewe lilikwenda upande, lakini nani alijali?

Jumamosi nilipanda jukwaani roho mkononi. Wifi alikaa mstari wa mbele. Beti mbili zikapita salama. Watu waliokuja kutazama wakaanza kumshangilia mpiga ngoma, na si unajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji: akaongeza madoido, akapotea. Mpiga gitaa akasita. Wote wakanigeukia mimi, Bi Haraka, wakingoja nimalizie kuharibu.

Nilikuwa kimya, zamu ya ubeti wa tatu haijafika. Mguu wangu ukaendelea kugonga mbao za jukwaa. Nilitamani kuingia, jamani, nilitamani! Nikasubiri. Kisha nikaingia, palepale. Mpiga ngoma akautazama mguu wangu, akarudi kwenye mdundo, na gitaa likamfuata.

Wimbo ulipoisha, kiongozi alimgeukia mpiga ngoma. "Kuanzia leo, kaa mahali unapomwona huyu dada. Ukipotea, mfuate yeye."

Nafasi ilikuwa yangu! Nikamtafuta wifi kwa macho. Alikuwa amesimama juu ya kiti, analia, anawaambia watu asiowajua kwamba mimi ni mdogo wake wa tumbo moja.