Vipande vya Mkanda wa Cherehani

Watu humsifu mkwe wangu kwa mishono yake. Mimi namsifu kwa ukaidi, na wanaonijua wanajua mimi si mwepesi wa kusifu mtu.

Alikuwa mke wa mwanangu. Gari lililomuua mwanangu lilimvunja yeye mguu wa kulia, ule ule wa kukanyagia cherehani. Alipotoka hospitali nilimwambia arudi kwao akapumzike. Akanitazama juu mpaka chini.

"Nikuache na nani, mama? Wewe unaunguza hata maji."

Akabaki.

Kibaraza chetu tunatumia pamoja na fundi baiskeli, Spoki, mwembamba kama jina lake. Alisoma na mkwe wangu darasa moja, na tangu utotoni ni kutaniana tu. Siku ya kwanza ya kurudi kazini ndiye aliyempakia kwenye keria ya baiskeli, akamsukuma taratibu kutoka chumbani mpaka kwenye cherehani. Akaulegeza na mkanda wa cherehani ili pedali iwe nyepesi.

"Haya Fundi, shona. Suruali yangu imepasuka tangu ulazwe."

"Si imepasuka nyuma? Nani atakuangalia huko?"

Nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Miezi ikapita. Alikanyaga asubuhi, akakanyaga jioni, jasho linamtoka, mbele yetu hata kuguna haguni. Mwezi wa nane nikamkuta ameketi tu, mikono mapajani.

"Mama, mguu huu umekufa. Pedali ni nzito vile vile kama siku ya kwanza. Kuna mtu anakuja kuinunua cherehani kesho."

Nilijua akiacha kushona hatainuka tena.

Asubuhi mtu akaja na mkokoteni. Spoki akaacha gurudumu linazunguka lenyewe, akaja kusimama mbele ya cherehani.

"Haitoki."

"Kwani ni yako?" mkwe wangu akamuuliza.

Spoki akaenda kuleta kopo lake la gololi, akalimimina mezani. Vikaanguka vipande vya ngozi, vifupi kama kucha. Nilivihesabu, kumi na saba.

"Ni vya mkanda wako. Kila mguu ulipopata nguvu nilikata kidogo, nikaukaza. Ndiyo maana uzito haupungui. Nilidhani nikikuambia utaogopa kukanyaga."

Mkwe wangu akavipanga kimoja kimoja mpaka vikafika ukingo wa meza. Halafu akamrushia kopo.

"Nalia usiku na mchana, na wewe unajua mguu unapona!"

"Nimekosea."

"Umekosea sana. Lete hiyo suruali."

"Nimeivaa, Fundi."

"Basi kavue!"

Akaishona pale pale, mkanda umekazwa kabisa, mguu unapiga kama wa msichana. Mwenye mkokoteni akaondoka mikono mitupu.

Tangu siku ile utani wao ulipungua sauti. Akichelewa Spoki, sindano inasimama. Mimi niliona, nikanyamaza, maana nilikuwa nimeapa mke wa mwanangu hataolewa nikiwa hai.

Jioni moja mkwe wangu akaja kuketi miguuni pangu.

"Mama, nataka kuolewa na Spoki. Ukikataa nitakukasirikia. Lakini nitakukasirikia nikiwa hapa hapa, nakupikia."

Nani angemshinda huyo? Nikageukia dirisha, nikapaza sauti ili hata wa kibarazani asikie:

"Mwambie anawe grisi kwanza, ndipo aingie kwangu!"

Maji yakasikika yakimwagika kwenye beseni papo hapo.